Paa la Wasindikizaji

Mwanza, jioni. Nilikuwa nakwenda Kampala kutetea paa. Nalisema hivyo hivyo bila kulipamba, maana hata kupamba kunachosha. Kampuni yetu imepewa sehemu ya kuchora upanuzi wa jengo la abiria kwenye uwanja wa ndege wa kule kando ya ziwa. Jengo lenyewe linatakiwa lisile umeme hovyo: hewa ijipitie, maji ya mvua yakusanywe, saruji iwe kidogo. Pembeni yake nilikuwa nimechora banda la wasindikizaji, wale ndugu wanaokuja kumuaga mtu wakaachwa nje juani. Kamati ya huko ikataka lifutwe. Bosi akanikatia tiketi ya basi. Ndiyo, mchora viwanja vya ndege husafiri kwa basi, chekeni tu. Mlango nilifunga mwenyewe. Mume wangu nilishamkataza kunisindikiza zamani. Nilimwambia ni kupoteza muda wa watu wawili.

Mutukula, alfajiri. Mpakani tulishushwa na mizigo yetu, tukapanga foleni upande mmoja, tukatembea, tukapanga foleni nyingine. Miguu ilikuwa imevimba, viatu vimekataa. Nyuma yangu mama mmoja alikuwa anapiga miayo, na kila akipiga nami napiga. Basi liliponguruma tena sikuangalia mandhari yoyote. Nililala.

Bwaise, Kampala, mchana. Mvua ilikuwa imepita na kuacha maji hadi mlangoni kwa mwenyeji wangu, Mama Neema. Ni mtu wa Bukavu, Kongo. Tulikuwa majirani Kigoma alipokimbia vita, nikiwa mdogo. Siku hizi anauza vitenge, na "ndiyo" yake bado ni "njo" ya kwao.

"Karibu, mwana wangu. Pita juu ya matofali, maji isikupate," alisema, akanipokea begi. "Njo wewe unachora nyumba ya ndege?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Basi umekuja saa nzuri. Neema anaenda Uarabuni Alhamisi. Miaka mbili kazi ya nyumba. Sote tutamsindikiza."

"Wote?"

"Gari imeshaagizwa."

Neema alikuwa chumbani anakunja nguo, anazikunjua, anazikunja tena. Ni binti yake wa pekee.

Ntinda, asubuhi ya Jumatano. Foleni ya magari ilinila nguvu zote nilizoamka nazo. Mwenyekiti wa kamati ni mzee aliyestaafu jeshi, na Kiswahili chake ni cha huko huko. Alisikiliza maelezo yangu akiwa ameshika tama.

"Nyabo," aliniita, kwa heshima wanayowapa wanawake kule, "hawa watu hawapande ndege. Sisi tunapunguza saruji, wewe unaleta nyumba ya kulia."

"Wanalia juani, mzee."

"Walie nyumbani."

Wenzake walicheka. Nami ningecheka kama nisingekuwa nimechoka vile. Akanipa mpaka Ijumaa nilete sababu ya maana, la sivyo banda linakatwa.

Uwanja wa ndege, Alhamisi mchana. Tulijaa gari zima: shangazi, majirani, watu wa kanisani na sufuria ya wali. Tuliomba maegeshoni tumeshikana mikono. Kisha askari wa mlangoni akamruhusu Neema peke yake. Aligeuka mara moja, akaingia. Sisi tulikuwa chini ya mti mkubwa, kivuli safi kabisa, kama kile nilichokikusudia kwenye banda langu. Nikakaa, nikavua viatu.

Nilipoinua macho nilikuwa peke yangu. Wote walikuwa wamehamia kwenye mwinuko wa nyasi, jua la utosi. Nikawafuata pekupeku.

"Mama, mbona mmeacha kivuli?"

"Pale haionekane."

"Nini haionekani?"

"Ndege."

Tulisimama. Baada ya muda ndege moja ikapanda juu ya ziwa, na Mama Neema akapunga kitenge mpaka ikamezwa na mawingu.

"Umejuaje ni ya kwake?"

"Sijue," alisema. "Yenye itaruka sasa, njo yake. Ingine ikiruka, nayo ni yake."

Akabaki pale pale. Nilimwonea uchungu, na moyoni nikaona haya. Banda langu lilikuwa na kuta za matofali na madirisha ya kupitisha upepo, na lote limegeuzia uwanja mgongo.

Ntinda, Ijumaa. Niliweka michoro mipya mezani. Mwenyekiti akaikagua kwa kidole.

"Kuta zimeenda wapi?"

"Nimezitoa, mzee. Limebaki paa juu ya nguzo, linatazama ndege zinakorukia, na viti vimechongwa kwenye mwinuko. Saruji karibu yote imeondoka."

"Na kulia?"

"Watalia wakiona."

Alinisukumia michoro. "Paa libaki. Lakini dogo."

"Dogo kiasi gani?"

"Nyabo, usinisumbue. Dogo."

Kituo cha mabasi, jioni ile ile. Mama Neema alikuja kunisindikiza ingawa nilimsihi asije. Nyumba yake ilikuwa kimya na nilijua anaumia. Nimechora majengo miaka yote nikimfikiria anayeondoka: apite wapi, apumzike wapi. Anayebaki nilimhesabu kama mzigo uliozidi. Safari hii imenifunza kwamba naye ana kazi ya kufanya, na kazi yenyewe ni kutazama. Nilipofika kitini nilimpigia mume wangu nikamwambia safari ijayo anisindikize. Akauliza kama naumwa.

Mvua ikaanza. Watu wakakimbilia chini ya paa la kituo, ila Mama Neema akatoka chini yake, akasimama barabarani, kitenge kichwani. Basi likaondoka. Nikampigia simu.

"Mama, rudi ndani, unalowa."

"Ngoja kwanza," alisema. "Gari bado inaonekana."