Riwaya Iliyofika Kilimarondo

Mikorosho inapochanua, Kilimarondo nzima hunukia, na harufu ile huingia madarasani bila kupiga hodi. Ndiyo maana mwalimu Saada alipenda kufundisha riwaya mwezi wa nane. Alikuwa mzaliwa wa Mtua, si msemaji sana, na kurasa alizozijua kwa moyo alizisoma akiwa amefumba macho, hata mgeni angedhani anaota.

Riwaya yenyewe ilikuwa kongwe, ya mwandishi wa pwani. Ilisimulia habari za mama ambaye mwanawe alisafiri, naye kila jioni akamtengea chakula, mpaka nywele zikaota mvi.

Kidato cha tatu walikuwa wameshakariri.

"Dhamira ni mapenzi ya mama, uvumilivu na umaskini," Mudrik alitiririka.

"Vizuri. Sasa umesema nini?"

Mudrik alijikuna kichwa. "Mwalimu, kusema kweli, huyo mama mimi namwona kapagawa. Mtu haji, unampakulia ugali wa nini?"

Darasa likaangua kicheko. Saada hakukaripia. Alifunga kitabu, akasogea dirishani, akauliza taratibu kama anayejiuliza mwenyewe, "Nyumbani kwenu mnamsubiri nani?"

Kicheko kikafa. Nje, maua ya mikorosho yalikuwa yakidondoka polepole kama vumbi lenye harufu tamu. Ndipo akasimama Mwantumu, binti wa dawati la nyuma ambaye sauti yake walimu hawakuijua.

"Kitanda cha kaka Bilali hakilaliwi, mwalimu. Alikwenda Msumbiji kuchimba madini, habari zake zikakatika. Kila Ijumaa mama anatandika shuka safi. Tukipata wageni wanalala chini."

Dionisia naye akasema baba yake bado anapalilia kipande cha shamba cha mdogo wake aliyehamia mjini, asije akarudi akakuta pori. Kisha, pasipo kuitwa, Mudrik akainuka.

"Baba aliuawa na tembo kwenye ufuta," alisema akitazama sakafu. "Lakini mtu akikohoa njiani, natoka nje kuangalia." Akaketi upesi.

"Mwalimu," Dionisia aliuliza, "huyu mwandishi aliwahi kufika huku?"

"Hakufika."

"Sasa alitujuaje?"

Saada alikifungua tena kitabu. Kwa kitambo aliona kuta zimekuwa nyepesi kama ukungu wa asubuhi, na yule mama wa kitabuni akipita katikati ya madawati, akiinama kutazama uso mmoja mmoja. Alipozinduka, wanafunzi walikuwa wameinamia madaftari. Mudrik alikuwa amefuta neno "uvumilivu", akaandika: masikio ndiyo ya mwisho kukubali kwamba mtu amekufa.

Jumamosi Saada alipanda pikipiki kwenda Mtua kumsalimu mama yake. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo akamsimulia riwaya yote kwa Kimwera huku wakibangua karanga. Mama alisikiliza, vidole vikapunguza mwendo, mwishowe vikasimama.

"Na mtoto akarudi?"

"Kitabu hakisemi, mama."

Mama alitazama njia inayopita mbele ya nyumba, tupu na yenye jua. "Basi huyo aliyeandika, mwanangu, na yeye alikuwa akimsubiri mtu."

Jumatatu Saada aliyaandika maneno hayo ubaoni kabla hata ya kuitikia salamu, kisha akawaachia wanafunzi chaki waongeze yao.