Hodi ya Tatu

Kazi yangu, nikiieleza kwa watu wa kwetu, ilikuwa kuchunguza kwa nini seli za mwili haziitikii. Maabarani Dar es Salaam tuliiita kazi hiyo utafiti wa njia za ishara. Mama yangu alikuwa na kisukari, na nilipokwenda kumwona kijijini Mbuchi nilimweleza hivi: insulini inafika mlangoni kwa seli, inapiga hodi ili sukari iingie. Seli zako, mama, zinasikia lakini hazifungui, na sukari inabaki kuzurura kwenye damu.

Alinisikiliza huku akipepeta mchele.

"Inapiga hodi mara ngapi?"

Nikacheka, nikamwambia haichoki, inapiga tu.

"Basi haina adabu," akasema. "Hodi tatu. Usipoitikiwa, wenda zako."

Nililipenda jibu lile, nikalisimulia maabara nzima.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ya watu binafsi imefunguliwa. Duka la ushirika Kibiti lilikuwa limekufa, na mtu binafsi alifungua palepale duka la dawa lenye kabati la vioo na vidonge vya kila rangi, hata vya kisukari. Nilivinunua nikampelekea mama kwa mashua kutoka Nyamisati. Alivimeza siku alizojisikia vibaya, akaviacha siku alizojisikia vizuri. Nikigomba, ananiuliza ni dawa gani hiyo ya kumezwa na mtu mzima wa afya.

Msimu wa kupandikiza mpunga alikanyaga kisiki cha mkoko, asihisi. Mguu nao ulikuwa umeacha kupeleka habari. Nilipofika, kidonda kilinuka na vidole vilikuwa vyeusi. Nilijua kila kilichotokea ndani ya mguu ule, ningeweza kukichora ubaoni. Hasira zilinipanda. Elimu yote ile, na ndani yake hamna hata tone la kumfaa mama.

Nikamwambia twende hospitali, mguu ukatwe, apone. Akatikisa kichwa. Jioni nikambembeleza tena, akasema anataka kuzikwa na miguu yake. Asubuhi, mashua ikiningoja, nikapiga magoti mkekani nikalia.

"Mama, twende. Nakuomba."

Akanishika kichwa.

"Hiyo ya tatu, baba. Nenda zako, mashua isije ikakuacha."

Sikwenda. Lakini sikumwomba tena. Kila nilipofungua mdomo nilimkuta ananitazama, nikaishia kumuuliza kama anataka maji. Alifariki mchana ule, mpunga ukiwa bado haujashika mizizi.

Matanga yalipoanuliwa, ndugu wakatawanyika, nikabaki peke yangu ndani. Jirani mmoja aliyekuwa safarini akaja kunipa pole. Nilimsikia vizuri mlangoni akipiga hodi. Nilitaka kumwambia karibu, nikabaki nautazama mlango. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu, akangoja kidogo, kisha nikasikia ndala zake zikiondoka.