Riwaya ya Kufungia Njugu

Harufu ya njugu za kukaanga hunipandisha hasira, na leo muuzaji amepita nayo tena chini ya dirisha letu.

Nilikuwa msichana wa skuli. Shangazi aliyenilea alininunulia vitabu vya mawaidha, na mimi roho yangu ilikuwa kwenye riwaya za upelelezi. Moja niliiazima, nikaificha sandukuni chini ya kanga zilizofukizwa udi. Aliiona, akampa muuza njugu aichane afungie njugu zake. Mimi sikuambiwa.

Jioni akanituma njugu. Kikaratasi nilichofungiwa kilinukia udi. Nikasoma: mpelelezi ameshika kitasa cha mlango. Ukurasa ukaishia hapo.

"Kurasa zilobaki ziko wapi?" nilimuuliza muuzaji.

"Zishakwenda na wateja."

Shangazi nilimkuta barazani. "Mie nnakuchagulia kinachokufaa," akasema, akanyoosha mkono nimpe njugu zake.

Sasa macho yake hayaoni. Natafuta kwenye simu riwaya mpya nizipendazo mimi, za upelelezi tu, na kila jioni namsomea. Mpelelezi akishika kitasa, nazima simu.

"Enhe, mwanangu," ananiuliza. "Ndani mna nini?"

Namtia njugu mkononi.