Ukurasa wa Kina cha Mto

Mjomba alilima ukingoni mwa Tana, kule Kinakomba. Kila alfajiri, kabla ya kushuka shambani, alifungua kwa simu yake kuukuu ukurasa wa mtandaoni wa kina cha mto nilioutengeneza nikiwa Garsen.

Nilipouandika upya kwa viwango vipya vya mtandao, sikujali vivinjari vya zamani, programu za kufungulia kurasa kwenye simu kuukuu. "Wanunue simu za maana!" nilifoka.

Kesho yake kioo cha simu ya mjomba kikawa cheupe. "Leo mto hauna habari," alimwambia mkewe, akashuka. Mafuriko yakamchukua, simu mfukoni. Hatukumpata.

Nikaurudisha ukurasa wa zamani. Tangu hapo, kila alfajiri, seva inaonyesha mtu mmoja ameufungua, kwa kivinjari kile kile cha mjomba.

Wenzangu wanasema niufute. Nimnyimeje habari za mto mtu aliyemo ndani yake?