Maswali ya Mtani

Mimi ni mwoga, bora niseme mapema. Simu ya mama ikiita bila kupokelewa, nimeshamzika. Mwaka jana alipata kiharusi kidogo, mdomo ukapinda siku tatu kisha ukarudi. Kilichonitisha kilikuja baadaye. Alikuwa akiishi peke yake kule juu milimani, analima karoti na njegere, na jirani yake akanipigia kuniambia kakuta sufuria inaungua jikoni, haina maji, mama yuko shambani anapalilia. Wiki mbili hazikupita, jirani akanipigia tena kwa jambo lilelile.

Nilishamwambia mara chungu nzima ahamie kwangu mjini, Mafiga. "Nije nikae kwenye kochi nitazame ukuta?" ndilo lilikuwa jibu lake. Nikishindwa hapo naishia kununa.

Hospitali alikotibiwa walikuwa wanafanya utafiti. Walipima kumbukumbu na uwezo wa kufikiri wa watu waliougua ubongo, na wengine wenye magonjwa ya akili, waone unapungua vipi na nini kinaweza kusaidia. Daktari akaomba mama ashiriki. Mimi nikamdanganya mama kwamba tunakwenda kupima presha. Ningemwambia kweli angenijibu yeye si chizi, na tungegombana hadi jioni.

Aliyetupokea alikuwa bwana wa makamo, mpole, miwani inaning'inia shingoni. Alimpa mama shikamoo, akaeleza taratibu kwamba huu ni utafiti wa kumbukumbu (hapo mama akanitupia jicho, nikaangalia sakafu), na kwamba ana haki ya kukataa. Mama akaweka dole gumba. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mama alipomuuliza yule bwana kwao ni wapi.

"Tabora, mama. Mimi Mnyamwezi."

Mungu wangu! Mama alijiweka sawa kwenye kiti. Sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani, na mtani haonewi haya, hata msibani.

"Leo ni siku gani, mama?"

"Siku ya kumzika Mnyamwezi."

"Na hapa tuko mji gani?"

"Mji wenye maji. Umekuja kuoga, eti?"

Alisomewa maneno matano ayakumbuke. Alipoulizwa baadaye alisema, "Si umeyala? Mlafi mkubwa!" Yule bwana alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Mimi nilicheka mbavu sina. Halafu nikaiona kalamu yake. Sifuri. Sifuri. Sifuri tena.

Nilimvuta yule bwana hadi kwenye korido. "Kaka, unamwandikia mama yangu sifuri kwa sababu ya utani? Futa! Wewe mwenyewe ulikuwa unacheka!"

Hakukasirika. "Dada, hata mimi sijui ni wapi alikuwa ananitania na ni wapi hajui," alisema. "Na fomu haina mahali pa kuandika utani." Tukakubaliana mama arudi Alhamisi apimwe na mtu mwingine, mama mmoja wa Kichaga, ambaye si mtani wetu.

Siku zile mama alilala kwangu, nami nikajidanganya kwa bidii. Nilimpigia jirani wa mlimani, nikampigia mjomba, kila mtu nikamsimulia jinsi mama alivyomtoa jasho Mnyamwezi, tukacheka. Lakini tukiwa wawili mezani, swali lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu: mama, leo ni siku gani? Swali la mtoto wa chekechea. Nikimtazama naogopa, namuuliza kama chumvi imekolea. Hata sufuria sikumuuliza. Nilikuwa namfungulia redio na kuinuka kuosha vyombo.

Alhamisi ikafika. Yule mama wa Kichaga alikuwa na sauti ya upole, na maswali yake yalikuwa yaleyale.

"Leo ni siku gani, bibi?"

Mama alitazama dirishani. "Leo," alisema. Tukangoja. Akahamisha macho kwenye mikono yake.

"Na mwezi?"

Alikuwa amelishika pindo la kanga, analizungusha kidoleni, analizungusha. Alisomewa maneno yake matano, na wakati wa kuyarudia ulipofika akasema, "Ndizi." Akafikiri sana. Nilimwona anavyojitahidi, mshipa umemtoka kwenye paji. "Ndizi," akasema tena, kama ndiyo kwanza anaanza. Mama alipoulizwa siku kwa mara ya pili nikachezesha midomo bila sauti: Alhamisi, mama, Alhamisi. Aliniona, akageuza uso.

Hakuna aliyecheka chumbani mle. Nilitamani aseme neno lolote la kipuuzi, amtukane mtu, atutukane wote.

Mama alimsogelea yule mpimaji, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kwani yule Mnyamwezi wa juzi hayupo?"

"Yupo, bibi, chumba cha pili. Kuna nini?"

"Naomba mniitie yule," mama alisema. "Kwa yule, huyu binti yangu alikuwa anacheka."