Tundu la Sketi ya Kiskoti

Mume wangu ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona tundu kwenye nguo akalala usingizi. Mletee suruali aipunguze kiuno, ataipunguza, kisha ataigeuza nje ndani, atatafuta palipochanika, na atapashona bila kuulizwa na bila kudai senti. Nikimsema ananijibu, "Tenda wema nenda zako." Miaka yote tuliyokaa Yeoville, huku Afrika Kusini, yeye na cherehani yake mlangoni, mimi na vitenge vyangu ukutani, nilikuwa namwambia, wewe bwana, iko siku huo wema wako utatutokea puani. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, mwezi wa Novemba, mwaka 2017.

Wiki ile alikuja Gogo. Mtaa mzima tulimwita hivyo, maana ndivyo mabibi wanavyoitwa hapa, ingawa yeye alikuwa Mzungu. Alizaliwa Bellevue, mtaa wa jirani, kwenye nyumba ile ile aliyokuwa akiishi, na wenzake wote walipouza na kuhama yeye alibaki, mkongojo mkononi, akigombana na madereva wa teksi pale kwenye robot, yaani taa za barabarani. Alituletea sketi ya marinda ya babake, ile wanayovaa wanaume wa Kiskoti, ya sufu nzito yenye miraba ya kijani na buluu. Babake alikuwa kwenye kikosi cha Waskoti wa hapa hapa Afrika Kusini, na aliivaa vitani huko Ufaransa, katika vita vile ambavyo wazee wetu Tanga waliviita vita vya Mjerumani. Mikanda ya ngozi ya kiunoni ilikuwa imeoza. Gogo alitaka mikanda mipya na marinda yapigwe pasi, basi. Mimi ndiye niliyetafsiri, maana Kiingereza cha mume wangu kinaishia kwenye vipimo. Habari ya tundu Gogo hakuigusa, wala mimi sikuliona.

Fundi aliliona. Lilikuwa pajani, dogo, limeungua pembeni. Alikata zile kingo zilizoungua, akachomoa nyuzi upindoni kwa ndani ili rangi isipishane, akafuma uzi kwa uzi akifuata miraba, siku nzima ya Alhamisi, na kazi za watu zikamsubiri. Jioni akaniwekea sketi mapajani. "Haya, tafuta tundu."

Nilitafuta nikachoka. Wallahi, usingejua.

Nikamuuliza, "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Babu yangu na baba wa huyu bibi walikuwa vita vimoja. Sitaki malipo. Iwe sadaka ya babu."

Babu yake alikamatwa njiani Tanga akabebeshwa mizigo ya askari, akaondoka nayo, na mpaka leo hakuna ajuaye amelala wapi. Mtu akikutajia sadaka ya marehemu wa namna hiyo, humgombezi; nikaifunga sketi kwenye gazeti.

Kesho yake mchana mume wangu alikwenda msikitini. Sketi ilikuwa tayari, imefungwa kwenye gazeti, iko rafu ya nyuma yangu. Gogo tulimwambia aje alasiri. Akaja mapema, fundi bado yuko kwenye sala ya Ijumaa; akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua kofia yake na kuanza kuongea. Alikuwa na furaha sijawahi kumwona nayo. Jumapili, akasema, ukoo mzima unakuja kwake kuwakumbuka waliopigana, kama kila Novemba. Halafu akasema jambo lililonikata maini.

Babake hakuwahi kuzungumzia vita. Mara moja tu, Gogo akiwa mtoto mdogo, alimkalisha kitandani, akaitoa sketi kabatini, akamshika kidole na kukipitisha kwenye tundu. Akamwambia, "Iliingia hapa." Hakuongeza neno. Mwaka uliofuata akafa. Tangu hapo kila mtoto wa ukoo akifika umri wa kuanza shule, Jumapili ile anatiwa kidole kwenye tundu na kuambiwa maneno yale yale. Walianza ndugu zake Gogo, wakaja wanawe, wakaja wajukuu. Sasa kitukuu cha kike kilikuwa kinatoka Australia, kinatua kesho.

"Mimi nimezeeka," akasema. "Huenda huyu ndiye wa mwisho nitakayemshika kidole mwenyewe."

Yarabi toba! Nilijiambia, sema sasa hivi, mwanamke. Gogo akanyoosha shingo kuangalia rafuni. "Ndiyo ile pale?"

"Fundi atakuonyesha mwenyewe," nikasema. "Kunywa chai kwanza."

Nikamimina chai. Macho yangu yalikuwa mlangoni. Nilipanga nikimwona tu mume wangu nitoke nje nimdake, nimwambie arudi hata msikitini, popote, mpaka tujue la kufanya. Loo! Mume wangu siku hiyo akapitia mlango wa uani. Nikasikia "Salaam aleikum" nyuma yangu, nikageuka, gazeti ameshalichana.

"Mwambie atafute tundu," akasema. Uso wake wote ulikuwa unacheka.

Sikutafsiri. Nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, nikijitia kutabasamu, "Baba watoto, ifunge hiyo sketi. Ifunge nakwambia."

"Una nini wewe?" Akaitandaza mapajani pa Gogo, akapapasa pale pajani kumwonyesha, akarudisha mikono nyuma kusubiri asifiwe.

Gogo alikitafuta kile alichokijua kwa kidole, si kwa macho. Kidole kikapita mahali pake, kikarudi, kikapita tena. Akageuza sketi. Akaigeuza tena. Nje teksi zilikuwa zinapiga honi na mimi nilisikia pumzi ya yule bibi tu.

"Liko wapi?" akaniuliza.

Nikamweleza. Halafu nikamgeukia mume wangu nikamweleza na yeye habari ya kidole, ya babake, ya kitukuu, yote kwa mkupuo mmoja, na nilivyokuwa na hasira nikaongeza, "Na wewe ndiye wa kufanya hivi? Wewe, mjukuu wa bibi yako, unayejua yaliyompata?"

Cheko lilimtoka usoni nikaliona likienda. Akakaa chini sakafuni, kanzu yake ya Ijumaa na vumbi lote.

"Mwambie afumue," akasema Gogo. "Sasa. Mbele yangu."

Sufu ile ilikuwa na umri wa miaka mia. Kuifuma ilikuwa kazi. Kuifumua ilikuwa hatari, maana uzi mmoja wa asili ukikatika, kitambaa kinaachia na tundu linakimbia mpaka kwenye rinda. Alichukua sindano nyembamba kuliko zote. Gogo aliinama karibu yake mpaka nywele zake nyeupe zikagusa kofia ya mume wangu, na kila uzi ulipoinuliwa alikuwa anakaza mkongojo. Mara uzi ukalia, tap. Sote watatu tukaruka. Ulikuwa wa kufumia, alhamdulillahi. Mteja mmoja Mkongo alichungulia akauliza kuna msiba? Nikamwambia rudi kesho, papa, kama waitanavyo wao.

Tundu likafunguka. Gogo akatia kidole. Akakaa nacho humo, kisha akatikisa kichwa.

"Silo. Lile lilikuwa linakwaruza."

Zile kingo za kuungua zilikuwa zimekwenda na takataka za Alhamisi. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilitaka ardhi initafune, na yeye mume wangu imtafune baada yangu.

Akaongea akiwa bado sakafuni, bila kunitazama. "Mwambie habari ya kanzu ya babu."

Nikamwambia. Kwamba siku babu alipochukuliwa aliacha kanzu kwenye msumari, na bibi aliiacha hapo hapo, haifuliwi, haiguswi, ana jasho la mumewe humo ndani. Kwamba miaka ikapita. Kwamba siku ya kuamkia Idi shoga yake, jirani, akaingia kumsaidia usafi, akaiona kanzu ina vumbi, akaihurumia. Akaifua, akaitia buluu, akaipiga pasi, akaikunja vizuri. Bibi alirudi akaipeleka puani, ikanuka sabuni. Kilio chake siku hiyo, wanasema, ndicho alichokuwa hajalia tangu mume aondoke. Mume wangu amekua na hadithi hiyo. Na bado alishika sindano.

Gogo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Bibi yake alimsamehe yule jirani?"

Nikatafsiri swali. Mume wangu akajibu, "Hapana."

Hapo ndipo nilipojaribiwa. Neno lilikuwa kinywani mwangu mimi, na kati yao wawili hakuna ambaye angejua. Ndiyo, Gogo, alimsamehe, wakalia, yakaisha. Ningemaliza shughuli yote kwa neno moja. Nikamtazama yule mzee na kidole chake bado kwenye tundu.

"Hakumsamehe," nikasema. "Mpaka anakufa."

"Wakawa maadui?"

Mume wangu aliposikia hilo akashangaa. "Maadui? Walisuka ukili wa mikeka kibaraza kimoja maisha yao yote. Bibi alipokuwa anakata roho aliusia asioshwe na mtu mwingine ila yule yule. Alisema, aliyefua kanzu yangu ndiye atakayeniosha. Na ndiye aliyemwosha."

Nikalitafsiri hilo neno kwa neno. Gogo aliikunja sketi yake, akakataa gazeti, akaibeba kifuani. Mlangoni akageuka. "Mwambie na mimi simsamehe," akasema, akaenda zake. Ile chai hakuigusa.

Novemba iliyofuata akarudi na sketi. Marinda yapigwe pasi. Nikamuuliza habari za kitukuu. Alitia kidole, akasema, na aliambiwa, hapa iliingia risasi, halafu akaingia fundi wa Yeoville. Akamtazama mume wangu kwa jicho kali. "Bado sijamsamehe." Nikatafsiri. Mume wangu akasema, "Mwambie Ijumaa itakuwa tayari." Safari hiyo chai aliinywa.

Mwaka 2019, baridi imeanza, binti yake alikuja dukani akiwa amevaa nyeusi. Gogo amefariki. Sketi italazwa juu ya jeneza, na marehemu aliacha neno kwamba asiipige pasi mtu yeyote ila yule mwanamume aliyeiharibu. Binti aliona haya kulisema, akaniomba radhi, nikamwambia usijali, mwanangu, tumeelewa.

Mume wangu alifunga cherehani. Akapiga pasi rinda moja moja, kitambaa chenye maji juu. Alipomaliza akaiweka sketi mezani, akaingiza kidole kwenye tundu, akalia kwa sauti. Nikaenda kufunga mlango wa duka.