Mhadhiri Mstaafu

Kaka yangu alikuwa mbishi tangu tumboni, mama mwenyewe alisema, na mimi niliyempikia na kumfulia miaka yake ya mwisho sina la kupunguza. Mtaani walimwita Mwalimu. Alifundisha historia chuoni mpaka wanafunzi walipogoma kudai mageuzi, wakubwa wakamtaka awataje vinara wa mgomo. Akakataa. Kesho yake mlinzi akamzuia getini, eti amri imetoka juu. Barua hakupewa. Mkewe alivumilia kidogo, njaa ikamshinda, akaenda zake na mtoto wao wa kiume.

Basi, Mwalimu akaishia kufundisha watoto wa watu sebuleni, kwenye meza yetu ya kulia.

Utawala ulipobadilika, chuo nacho kikageuza koti. Siku moja kaka akafungua ile kamusi elezo ya mtandaoni, ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika, akakuta chuo kimesifiwa kwamba "kilisimama na wanamageuzi siku zote". Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaongeza sentensi moja: kwamba mhadhiri wa historia, akalitaja jina lake, alifukuzwa kwa kukataa kuwataja wanafunzi waliogoma. Chai haijapoa, imeshafutwa.

Aliyefuta alijiita Mpenda Ukweli. Loo! Mpenda Ukweli huyo aliandika saa za kazi tu, na sikukuu alipumzika, kwa hiyo tulijua mshahara wake unatoka wapi. Kaka anarudisha, yeye anafuta. Anadai hakuna chanzo, kamusi inataka jambo lililochapishwa. Sasa magazeti ya wakati ule nani angethubutu kuchapisha hilo? Yalijaa safari za wakubwa na matokeo ya mpira.

Mwishowe kaka akaandika kwenye ukurasa wa majadiliano: "Mimi ndiye niliyefukuzwa." Aliandika huku anatabasamu, masikini, akidhani kamaliza kazi. Jibu likaja kwamba basi ana masilahi binafsi, haruhusiwi kuandika habari zake mwenyewe. Wasimamizi wa kamusi, watu wa mbali wasiomjua yeyote, wakakubali, wakamfungia asiandike tena.

Nilimsihi aachane nao, presha itamuua.

"Sitaki sifa," akaniambia. "Nataka neno moja tu libaki. Alifukuzwa. Basi."

Figo zikamharibikia, miguu ikavimba, na bado kila asubuhi, hata hatujasalimiana, ananiuliza wameandikaje. Namsomea. Nilitamani kumdanganya, lakini huyo angeomba kompyuta aone mwenyewe. Alikufa neno halimo, na iliniuma kuliko kifo chenyewe.

Mwanawe akaja na viatu vinavyong'aa. Alilia sana, simnyimi haki yake. Akashika mambo yote, jeneza, viti, tangazo la gazetini, nami nikashukuru, maana sikuwa na nguvu. Chuo kilituma shada la maua lililogoma kupita mlangoni. Afisa habari wao, kijana mpole, akanishika mikono yote miwili, akasema wamepoteza mzazi. Nilivitazama vile vidole, nikajiuliza kama ndivyo vilivyokuwa vikifuta. Msiba si mahali pa kugombana.

Baada ya mazishi nikafungua kamusi, mazoea tu. Jina la kaka yangu limo! Moyo ulinipasuka kwa furaha kabla macho hayajafika mwisho wa sentensi: alifundisha historia chuoni hapo hadi alipostaafu. Chanzo, tangazo la kifo. Nikalitafuta lile gazeti. Familia inasikitika kutangaza kifo cha mhadhiri mstaafu.

Nikampigia mpwa wangu. Hakuona kosa liko wapi.

"Shangazi, mzee yeyote aliyefundisha akifa huandikwa mstaafu," akasema. "Ulitaka niandike aliyefukuzwa? Watu wangesemaje?"

Nikakata simu. Nikaketi mbele ya kompyuta, nikaandika kwa kidole kimoja: hakustaafu, alifukuzwa, mimi ni dada yake, nilikuwepo. Mpenda Ukweli hakukawia, wala hakuwa mkali.

"Pole kwa msiba, mama," aliandika. "Lakini sisi tunafuata chanzo, na chanzo ni familia yenu wenyewe."